Shajara ya mradi: mapigo 172 katika mbio za polepole

Siku ya 1

Mradi huu nimeuanza kwa sababu ya namba moja. Leo asubuhi nilikimbia dakika 40 kwa mwendo wa dakika 7 kwa kila kilometa, mwendo unaoniruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kutweta, na saa yangu ya mkononi ikaonyesha mapigo 172 kwa dakika tangu dakika ya 9 hadi nilipomaliza. Nina umri wa miaka 43. Kanuni inayotumiwa na saa hiyo, ile ya kuondoa umri kwenye 220, inaniwekea kikomo cha 177. Kwa hesabu yake, basi, nilikuwa nimebakiza mapigo 5 tu kabla ya kufika mwisho wa uwezo wa moyo wangu, ilhali nilikuwa nikizungumza na mwenzangu habari za kazi.

Haiwezekani mambo hayo mawili yote yawe kweli. Ama saa inakosea, ama kanuni inakosea, ama mwili wangu una jambo ambalo mimi sijalihisi. Nimeamua kulitafuta jibu kwa utaratibu, na kila mbio nitaandika saa imesema nini, vidole vyangu vimesema nini, mwili umejisikiaje, na hali ilikuwaje siku hiyo: usingizi, joto, kahawa, dawa, ugonjwa. Kwa upande wa mwili nitatumia kipimo cha Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, ambacho ngazi zake zinaanzia 6 hadi 20. Namba hizo za ajabu zina sababu yake: Borg alizipanga ili ngazi anayoitaja mtu mwenye afya, ikizidishwa kwa 10, ikaribiane na mapigo yake ya moyo. Leo nilijipa ngazi ya 13. Hiyo ni kama 130, nayo iko mbali sana na 172.

Niandike pia kwamba sina maumivu ya kifua, sijawahi kuzimia wala kuhisi kizunguzungu nikiwa mazoezini, na pumzi zangu zinalingana na kazi ninayoifanya. Lau mojawapo ya hayo lingekuwapo, hatua ya kwanza ya mradi ingekuwa chumba cha daktari, na si daftari hili.

Siku ya 4

Kuhesabu kwa vidole ni kazi inayohitaji kujifunza. Nilidhani nitasimama, nihesabu dakika nzima, niandike. Hilo halifai, kwa sababu moyo wa mtu aliyesimama baada ya kukimbia huanza kushuka ndani ya sekunde chache, na ukihesabu dakika nzima unapata wastani wa moyo uliokuwa unakimbia na moyo uliokwisha kupumzika. Kwa hiyo nahesabu sekunde 10 na kuzidisha kwa 6, nikianza mara tu miguu inaposimama. Ubaya wa njia hii ni kwamba pigo moja la makosa linageuka kuwa mapigo 6. Kosa la kawaida kabisa, nami nimelifanya siku mbili mfululizo, ni kuanza na "moja" kwenye pigo la kwanza wakati saa inapoanza kuhesabu. Pigo hilo ni mwanzo wa kipindi, kwa hiyo linapaswa kuitwa sifuri. Anayeanza na moja hujiongezea mapigo 6 yasiyokuwapo.

Mahali pazuri zaidi kwangu ni shingoni, kando ya koromeo, upande mmoja tu na kwa kugusa kidogo, maana kuukandamiza mshipa ule kwa nguvu kunaweza kuupunguza mwendo wa moyo na kwa wengine kuleta kizunguzungu. Leo nimerudia mara tatu katika mbio moja na kupata 23, 23 na 22. Hiyo ni 138, 138 na 132. Saa wakati huohuo ilisema 171, 172 na 172.

Sasa najua kwamba mwili na vidole vinakubaliana, na saa iko peke yake.

Siku ya 7

Kilichonishtua katika mafaili ya wiki hii ni jinsi namba ya saa ilivyotulia. Moyo hautulii hivyo. Ukipanda kidogo unaongezeka, ukiteremka unapungua, ukivuta pumzi ndefu unabadilika. Saa yangu ilishika 172 kwa nusu saa kana kwamba inahesabu kitu cha mashine.

Leo nilihesabu mguu wa kulia kwa dakika moja kamili. Uligusa ardhi mara 86. Miguu yote miwili ni hatua 172.

Nieleze ninavyolielewa jambo hili. Saa ya mkononi haisikii umeme wa moyo. Inamulika ngozi kwa taa ndogo za kijani na kupima mwanga unaorudi. Damu hunyonya mwanga wa kijani, kwa hiyo kila wimbi la damu linapofika kifundoni mwanga unaorudi unapungua kidogo, kisha unaongezeka, na mabadiliko hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa mapigo. Lakini mabadiliko yenyewe ni madogo mno yakilinganishwa na mtikisiko wa mkono wa mtu anayekimbia. Kila hatua inasukuma saa, inasogeza ngozi, inapeleka damu ya mkono huku na huku, na kuruhusu mwanga wa nje kupenya pembeni. Ndani ya saa kuna kihisi kingine kinachopima mwendo, na programu hukitumia kuondoa mtikisiko ili libaki wimbi la damu. Hatua na mapigo vinapokaribiana, au wimbi la damu linapokuwa dhaifu, programu inaweza kulishika lile wimbi lenye nguvu zaidi, yaani la hatua, na kuling'ang'ania. Wakimbiaji wengi hupiga hatua kati ya 160 na 180 kwa dakika, na namba hizo kwa bahati mbaya zinafanana kabisa na mapigo ya mtu anayejitahidi sana. Ndiyo maana kosa hili hudanganya. Lau hatua zetu zingekuwa 40 kwa dakika, hakuna mtu ambaye angeziamini.

Siku ya 9

Dhana isiyojaribiwa haifai kuandikwa kama jibu, kwa hiyo leo nimeijaribu. Nilipakua kwenye simu programu ya metronomu, yaani kifaa cha kugonga mdundo wa kasi unayoichagua, nikakimbia kwa kasi ileile ya dakika 7 kwa kilometa, nikibadilisha hatua tu: dakika 10 kwa hatua 160, zikiwa ndefu kidogo, na dakika 10 kwa hatua 180, zikiwa fupi. Vidole vilinipa 138 katika sehemu ya kwanza na 144 katika ya pili. Saa ilitoka 161 ikapanda hadi 180, na ilichukua chini ya dakika moja kuifuata metronomu.

Kisha nikapanda baiskeli isiyosogea, mikono ikiwa imetulia kwenye usukani. Saa ikasema 131, vidole 132. Mkono usipotikisika kihisi kilekile kinafanya kazi vizuri. Sina tena shaka na hili.

Siku ya 12

Nimejaribu kuisaidia saa. Niliipandisha juu ya mfupa wa kifundo kwa upana wa vidole viwili, mahali penye nyama zaidi, na kukaza mkanda wake kiasi cha kutoteleza bila kubana damu. Nilipasha mwili moto dakika 10 kabla ya kuongeza mwendo, kwa sababu ngozi yenye baridi huwa na damu kidogo karibu na uso wake na kihisi hukosa cha kusoma. Katika mbio nne, mbili zilikwenda sawa kabisa na vidole, na mbili saa ilirudia tena kushika hatua. Ni nafuu, lakini si msingi wa kujenga mradi juu yake. Nimeazima mkanda wa kifuani.

Siku ya 15

Mkanda wa kifuani unasikiliza kitu kingine kabisa. Una elektrodi mbili zinazogusa ngozi na kupokea umeme uleule ambao hospitali huuchora kwenye karatasi ya kipimo cha umeme wa moyo. Mawimbi ya mchoro huo yanaitwa P, Q, R, S na T, majina aliyoyatoa Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924 kwa kazi hiyo. Mkanda hutafuta wimbi refu zaidi, la R, na kupima muda kutoka R moja hadi nyingine kwa milisekunde. Ukigawa 60,000 kwa muda huo unapata mapigo kwa dakika.

Nilitarajia utulivu. Dakika ya pili ya mbio namba ilikuwa 221. Dakika ya tatu, 228. Dakika ya saba ikaanguka ghafla hadi 134, na kuanzia hapo haikukosea hata mara moja dhidi ya vidole.

Nilikaa jioni nzima na faili la vipindi, yaani ile mida ya milisekunde kati ya R moja na nyingine, na nakiri kwamba ilikuwa jioni nzuri kuliko zote za mradi huu. Katika dakika mbovu vipindi vilikuwa kama vigae vilivyovunjika: 251, 184, 436, 118, 319, 434. Nikagundua kwamba 251 na 184 vikijumlishwa vinafika 435, na 118 na 319 vinafika 437. Moyo ulikuwa unapiga kila baada ya milisekunde 435 hivi, yaani 138 kwa dakika, na katikati ya baadhi ya mapigo kulikuwa kumeingia mshtuko wa uongo uliokikata kipindi kimoja kuwa vipande viwili. Ukweli ulikuwamo ndani ya faili, umevunjika tu.

Siku ya 18 hadi 23

Mbio sita, tatu kwa mkanda mkavu na tatu kwa mkanda uliolowekwa maji kabla ya kuvaliwa. Ule mkavu ulikosea mara zote tatu, kila mara katika dakika za mwanzo, na ukaacha kukosea jasho lilipotoka. Ule uliolowa ulikosea mara moja tu, siku niliyovaa fulana pana ya nailoni inayopeperuka na hewa ilikuwa kavu. Sababu inajulikana: ngozi kavu hupitisha umeme vibaya, na kitambaa cha sintetiki kinachojisugua kifuani huzalisha umeme tuli ambao elektrodi haiwezi kuutofautisha na wimbi la moyo. Fulana ya kubana iliondoa tatizo hilo. Betri nayo niliibadilisha, kwa kuwa betri inayokaribia kwisha huleta namba za ajabu za namna hiyohiyo.

Siku ya 24

Nimeandika programu fupi ya kuchora grafu za mbio zote mahali pamoja. Ili kusafisha takwimu nimeweka sharti: kila namba inayozidi 200 ifutwe, na pengo lizibwe kwa mstari ulionyooka kutoka namba nzuri ya mwisho hadi namba nzuri inayofuata. Grafu sasa zinasomeka vizuri sana.

Siku ya 27

Leo, mlimani, mapigo 184. Mkanda umelowa, fulana ni ya kubana, vipindi vyote vimepangika bila kipande, na vidole sekunde 10 za kwanza baada ya kusimama vimehesabu 30, yaani 180. Kwenye kipimo cha Borg nilikuwa 19. Hii ni namba ya kweli, nayo imevuka kikomo changu cha 177.

Kwa hiyo mshukiwa wa pili, kanuni, naye ana kesi. Kanuni ya 220 kutoa umri huhusishwa na makala ya Fox, Naughton na Haskell ya mwaka 1971, ambayo ilikusanya matokeo ya tafiti za wengine na kuyapitishia mstari wa makadirio. Mwaka 2001 Tanaka, Monahan na Seals walipendekeza 208 kutoa 0.7 ya umri, na kanuni hiyo huwafaa zaidi watu wa umri mkubwa, lakini kwa mtu wa miaka 43 inatoa 178, kwa hiyo haikunisaidia. Tatizo haliko katika kuchagua kanuni. Kanuni zote mbili zinatoa wastani wa kundi, na watu wanatawanyika kuuzunguka wastani huo kwa mapigo 10 au zaidi kwenda juu na chini. Katika chumba chenye watu mia wa umri wangu, wote wakiwa wazima, wapo ambao moyo wao unakoma kwenye 165 na wapo wanaofika 195. Mtu wa 195 ataonywa na saa yake kila siku bila sababu, na mtu wa 165 atasukumwa kufukuzia namba ambayo moyo wake hauna. Huyu wa pili ndiye anayenisikitisha zaidi, maana onyo analohitaji halitakuja.

Nimebadilisha kikomo kwenye saa kuwa 186 kwa muda. Nimeandika pia kwamba dakika moja baada ya kusimama, nikitembea polepole, nilikuwa nimeshuka hadi 151. Mteremko huo una maana yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watu ambao mapigo yao yalipungua kwa 12 au pungufu katika dakika ya kwanza baada ya kipimo cha mazoezi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufa miaka iliyofuata. Mimi nimepungua kwa 33.

Siku ya 30

Mdogo wangu wa kike, mwenye miaka 34, ameanza kukimbia na anataka kuingia katika mradi. Nimempa mkanda. Jioni alinipigia: "Kaka, nilipokuwa natembea kupoza mwili saa ilisema 204." Nilimwuliza kama aliulowesha mkanda. Hakumbuki vizuri. Nikamweleza habari ya umeme tuli.

Siku ya 33

Saa nzima ya mbio kwa kasi moja, mara mbili: asubuhi ya baridi na mchana wa joto. Asubuhi nilikuwa 136 dakika ya 10 na 147 dakika ya 60. Mchana nilianza na 139 na kumaliza na 164, kwa kasi ileile. Hakuna kihisi kilichokosea hapa.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila anayeanza kufanya mazoezi alijue, kwa kuwa wengi huliona kwenye saa zao na kudhani wamedhoofika. Kazi ya moyo ni kusukuma kiasi fulani cha damu kwa dakika, na kiasi hicho ni zao la mambo mawili: idadi ya mapigo na ujazo wa kila pigo. Moyo unaosukuma mililita 100 kwa pigo na kupiga mara 140 unatoa lita 14. Joto linapopanda, damu nyingi hupelekwa kwenye ngozi ili mwili upoe, jasho hupunguza maji ya damu, na damu inayorudi moyoni inapungua. Ujazo wa pigo ukishuka hadi mililita 90, moyo ulazimike kutoa lita zilezile 14, itabidi upige karibu mara 156. Mkimbiaji hajaongeza kasi hata kidogo. Namba imepanda kwa sababu moyo unalipia pengo.

Mchana ule nilipungua kilo 1.3 kati ya kutoka na kurudi, na karibu yote hayo ni maji. Wiki ijayo nitarudia nikiwa nakunywa njiani.

Siku ya 36

Mafua na homa ndogo. Mapigo ya alfajiri, kabla ya kuinuka kitandani, ni 67 badala ya 56 yangu ya kawaida. Nilijaribu dakika 5 tu, nikaona 158 kwa mwendo wa kutembea haraka, nikarudi kulala. Mtu mwenye homa hapaswi kukimbia ili apate takwimu.

Siku ya 41

Mdogo wangu alikuja mwenyewe leo, hakupiga simu. Aliniambia: "Kaka, nimeulowesha mkanda kama ulivyoniagiza, betri ni mpya, fulana inabana, na imetokea tena. Na safari hii nilikihisi. Shingoni kilikuwa kinadunda mpaka nikashindwa kumeza mate vizuri."

Nilifungua grafu yake ya jana katika programu yangu. Ilikuwa grafu nzuri, bila kasoro. Katika dakika za kupoza mwili kulikuwa na mstari ulionyooka, kutoka 112 hadi 108, wenye urefu wa dakika nne.

Nilitazama ule mstari kwa muda kabla ya kuelewa. Hakuna moyo unaochora mstari ulionyooka wa dakika nne. Ule ulikuwa mstari wangu mimi, niliouweka siku ya 24.

Nikafungua faili ghafi. Pale ambapo programu yangu ilikuwa imefuta, vipindi vilikuwa hivi: 291, 290, 292, 291, 291, 289, 290. Vilikuwa zaidi ya mia nane, mfululizo, bila kigae hata kimoja. Milisekunde 291 ni mapigo 206 kwa dakika. Kabla yake kulikuwa na kipindi cha 536, na baada yake 555. Moyo wake ulikuwa 112, pigo lililofuata ukawa 206, ukakaa hapo dakika nne akitembea polepole, kisha kwa pigo moja ukarudi 108.

Nilijilazimisha kupitia kila kosa nililojifunza. Umeme tuli ungevunja vipindi ovyo, na vipande vingejumlishana kufikia vipindi vya kweli, lakini hapa hakuna kilichovunjika. Hatua zake za kutembea zilikuwa 104, na kwa vyovyote mkanda hausikilizi hatua. Upo uwezekano wa mkanda kuhesabu wimbi la T kama R ya pili na kuongeza mapigo mara mbili, lakini T haikai katikati kabisa ya kipindi, kwa hiyo tungeona namba mbili zikipokezana, ndefu na fupi. Hazikupokezana. Na hakuna kosa la mkanda linalomfanya mtu ahisi shingo ikidunda.

Nilimwambia asikimbie tena mpaka aonwe na daktari, na kwamba ikitokea tena na akahisi kifua kinauma, pumzi zinakatika au anataka kuzimia, asisubiri miadi yoyote, aende idara ya dharura. Nilimwomba pia msamaha. Alisema hakuna cha kusamehe, lakini mimi najua nilichomjibu siku ya 30.

Siku ya 42

Sharti la kufuta namba zinazozidi 200 nimeliondoa. Sasa programu haifuti chochote. Inapoona vipindi vilivyovunjika inavipaka rangi ya kijivu na kuviacha pale pale, na inapoona vipindi vifupi vilivyopangika kwa zaidi ya sekunde 10 inavipaka rangi nyekundu. Grafu hazipendezi kama zamani.

Siku ya 44

Amemwona daktari. Kipimo cha umeme wa moyo akiwa amelala kilikuwa cha kawaida, jambo ambalo daktari alisema hulitarajia, kwa kuwa tatizo linalokuja na kuondoka halionekani wakati halipo. Alipimwa damu pia, kuangalia upungufu wa damu na tezi ya thairoidi, kwa maana yote mawili huyapandisha mapigo, na majibu yakawa mazuri. Nilikuwa nimechapisha ule ukurasa wa vipindi, nikahofia kwamba daktari atauona kama karatasi ya mtu anayejifanya mjuzi. Aliusoma wote. Alimwuliza swali moja: je, kinaanza na kukoma taratibu, au kama mtu anayewasha na kuzima taa? Mdogo wangu akasema kama taa. Akapewa kifaa kidogo cha kurekodi umeme wa moyo, atembee nacho wiki mbili.

Siku ya 58

Kifaa kimenasa tukio moja, akipanda ngazi, dakika mbili na nusu, mapigo 201. Jibu ni mapigo ya kasi yanayoanzia sehemu ya juu ya moyo. Karibu na kituo kinachopitisha umeme kutoka vyumba vya juu kwenda vya chini, yeye ana njia mbili badala ya moja, na mara mojamoja umeme hushuka kwa njia hii, hupanda kwa ile, ukazunguka bila kutoka. Ndiyo sababu ya kuanza ghafla, kupangika na kukoma ghafla: mzunguko ama upo ama umekatika. Daktari alimtuliza kwamba kwa mtu ambaye moyo wake hauna kasoro nyingine hali hii kwa kawaida haihatarishi maisha, ingawa inahitaji kufuatiliwa. Alimfundisha namna ya kujikamua pumzi kwa sekunde 15 akiwa ameketi nusu, kisha kulazwa chali na kuinuliwa miguu, njia ambayo mara nyingi hukata mzunguko. Zipo dawa, na upo utaratibu wa kupitisha mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja hadi moyoni ili kuichoma ile njia ya ziada. Ameomba muda wa kufikiri, na daktari amemtaka alete kumbukumbu za matukio yote anayoweza kuyakumbuka, pamoja na urefu wake.

Siku ya 60

Usiku huu nimeyapitisha tena mafaili yake yote tangu siku ya 30 katika programu mpya. Rangi nyekundu imejitokeza mara tatu. Tukio la siku ya 40 tunalijua. Lipo la siku ya 35, sekunde 50, mapigo 198 mpaka 203. Sehemu kubwa ilikuwa imefutwa na mimi, na iliyobaki nilikuwa nimeipita nikidhani ni mkanda. Na lipo la siku ya 30 yenyewe, dakika tatu, mapigo 204, vipindi vya 294 na 295 kutoka mwanzo hadi mwisho. Katika mbio nzima ya siku ile hakuna kipindi kimoja kilichovunjika. Mkanda wake ulikuwa umelowa tangu mwanzo.

Nimechapisha kurasa tatu, nimeandika juu ya kila moja tarehe, saa, muda na alichokuwa akifanya, na kesho asubuhi nitampelekea kabla hajaondoka kwenda kliniki.